Uhehe Ungeweza Kubaki Dola, Lakini Si kwa Ushindi wa Lugalo

Huku Iringa kuna swali ambalo watu hawachoki kuulizana, iwe msibani, kwenye daladala ya Kalenga au katika darasa la kidato cha tatu: ingekuwaje kama Mkwawa, mtawala wa Wahehe, asingeshindwa? Nyuma ya swali hilo ipo picha ya nchi iitwayo Uhehe, yenye bendera yake, kiti chake Umoja wa Mataifa na mtawala wake Kalenga. Ukivuka Igawa ukaingia Mbeya, picha hiyo inakosa wateja. Mzee wa Kisangu aliyekulia simulizi za babu zake kufukuzwa kwao na majeshi ya Wahehe hana hamu hata kidogo ya kuishi katika nchi hiyo.

Msimamo wangu niuseme mapema. Dola za Nyanda za Juu Kusini zingeweza kubaki hai mpaka leo. Hakuna kanuni ya historia iliyozihukumu kufa. Ila njia tunayoifikiria wengi wetu, ya ushindi juu ya ushindi vitani, isingezifikisha huko. Mataifa madogo yaliyobaki na nchi zao, Ulaya na Afrika, yalipona kwanza kwa sababu ya mahali yalipokaa, yaani kwenye mshono kati ya wakubwa wawili wanaooneana wivu, na baadaye kwa sababu ya namna yalivyoandikwa katika mafaili ya utawala. Uhehe ulikosa vyote viwili, na ulivikosa kwa sababu zinazoelezeka.

Tuanze Ulaya, kwa kupita tu. Bretagne ilikuwa na lugha yake na watawala wake, ikaingizwa Ufaransa mwaka 1532. Savoie, kitovu cha ukoo uliokuja kutawala Italia nzima, ilikabidhiwa Ufaransa mwaka 1860 kama malipo ya msaada wa vita. Venezia, jamhuri ya karne nyingi iliyowahi kutamba baharini, ilifutwa na Napoleon mwaka 1797. Mwaka huohuo Napoleon huyohuyo aliiacha San Marino, nchi ndogo ya mlimani, akataka hata kuiongezea ardhi, nao wakakataa zawadi. Luxembourg iliponea chupuchupu mwaka 1867: Napoleon III alitaka kuinunua kutoka kwa mfalme wa Uholanzi, Prussia ikagoma, na mkutano wa London ukaamua isiwe ya huyu wala ya yule. Hakuna aliyeuliza kama Waluxembourg ni hodari kuliko watu wa Savoie. Ardhi yao ilikuwa kwenye mshono, na kila mkubwa aliona heri ibaki peke yake kuliko ichukuliwe na mwenzake.

Afrika nayo ilikuwa na mshono wa namna hiyo kule kusini, na hapa ndipo pa kukaa kidogo, kwa kuwa Lesotho ndiyo ndugu wa karibu wa Uhehe katika historia. Moshoeshoe aliwakusanya watu waliotawanywa na vita vya mwanzoni mwa karne ya 19, akawafanya taifa, akajikita juu ya kilima cha Thaba Bosiu ambacho hakuna jeshi lililowahi kukiteka. Munyigumba, baba yake Mkwawa, alifanya kazi inayofanana na hiyo miongo michache baadaye: alizishika koo na tawala ndogondogo za Uhehe moja baada ya nyingine, akazifanya dola kabla hajafariki mwishoni mwa miaka ya 1870. Kwa hiyo hoja kwamba Uhehe ulikuwa mchanga mno usingedumu haina uzito. Lesotho nayo ilikuwa changa. Wala udogo si hoja. Mkoa wa Iringa, kabla Njombe haijamegwa mwaka 2012, ulikuwa na karibu kilomita za mraba 59,000, eneo kubwa kuliko Rwanda na Burundi zikijumlishwa.

Tofauti ilikuwa kwingine. Desemba 1852 jeshi la Waingereza lilipanda Berea kumwadhibu Moshoeshoe, likarudishwa nyuma kwa hasara. Usiku wa siku ileile, yeye aliyeshinda ndiye aliyeandika barua ya kuomba amani, akamwambia jenerali kwamba ameonyesha nguvu zake vya kutosha na adhabu inatosha. Jenerali akapata mlango wa kutokea bila aibu, akaondoka. Barua ile isingeandikwa kama Moshoeshoe asingekuwa na watu wa kuiandika: tangu mwaka 1833 alikuwa na wamisionari wa Kifaransa, akina Eugène Casalis, waliomsomea nia za Wazungu na kuzipeleka zake kwao. Makaburu wa Orange Free State walipozidi kummega mashamba, aliomba ulinzi wa Malkia wa Uingereza, na tarehe 12 Machi 1868 akaupata. Basotho walikuja kupigana tena mwaka 1880, safari hii na serikali ya Koloni la Cape iliyotaka kuwanyang'anya bunduki walizozinunua kwa mishahara ya migodi ya almasi ya Kimberley. Walipigana vizuri kiasi kwamba mwaka 1884 Cape ilichoka, London ikawachukua moja kwa moja. Mwaka 1966 wakapata uhuru kama nchi. Vita vilikuwa na kazi yake pale, sikatai. Ila kila pigano lilikuwa na mtu wa pili wa kukimbiliwa baada yake.

Sasa tuje Lugalo. Emil von Zelewski, kamanda wa Kijerumani aliyeitwa Nyundo, alipanda kutoka pwani na askari zaidi ya 300, wapagazi, mizinga na bombomu. Asubuhi ya tarehe 17 Agosti 1891 msafara wake ulikuwa umenyooka mstari mmoja katikati ya vichaka na mawe, bombomu zikiwa bado zimefungwa juu ya migongo ya punda. Wahehe waliokuwa wamejificha wakainuka na mikuki yao. Pigano lenyewe lilikuwa la dakika chache. Zelewski akafa, Wazungu wengine tisa wakafa, na askari wapatao 250 pamoja nao. Mpaka leo sijui pigano jingine la Afrika Mashariki ambalo jeshi la Kijerumani lilipigwa hivyo kwa mikuki, na kila Mhehe anayelitaja kwa fahari ana haki ya kufanya hivyo.

Lakini ulize: baada ya hapo Mkwawa angemwandikia nani? Moshoeshoe aliposhinda alikuwa na London ya kumtishia Kaburu, na Kaburu wa kumtishia London. Mkwawa alikuwa na Berlin peke yake. Tarehe 1 Julai 1890, miezi kumi na tatu kabla ya Lugalo, Uingereza na Ujerumani zilikuwa zimeshatia saini mkataba wa Heligoland na Zanzibar, ambao kwa upande wetu ulichora mpaka kutoka mdomo wa mto Songwe kwenye Ziwa Nyasa, ukapanda na mto huo, ukaenda kutokea mto Kalambo kwenye Ziwa Tanganyika. Tangu siku ile hakuna Mwingereza aliyekuwa na sababu ya kupokea barua kutoka Kalenga. Uhehe wote ulikuwa umeshahesabiwa ni chumba cha ndani cha nyumba ya mtu.

Majaribio ya kupatana yaliyofuata hayakufika popote. Mwaka 1892 majeshi ya Mkwawa yaliishambulia Kondoa ya Usagara, karibu na Kilosa, na Wajerumani wakazidi kuamini kwamba njia ya misafara haitakuwa salama mpaka Kalenga ianguke. Tarehe 30 Oktoba 1894 Gavana Friedrich von Schele aliuvunja ukuta wa mawe wa Kalenga kwa mizinga. Mwaka 1896 Tom von Prince alianzisha kituo cha Iringa, na mwishoni mwa mwaka huo Wajerumani wakamsimika Mpangile, mdogo wake Mkwawa, kama mtawala wao. Baada ya wiki chache tu wakamnyonga, wakidai anamsaidia kaka yake kwa siri. Mkwawa akawindwa porini, kichwa chake kikiwa na bei ya rupia 5,000, mpaka alipojiua Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898.

Watu wengi hunijibu kwa kunitajia Ethiopia. Menelik alishinda Adwa mwaka 1896, wanasema, na nchi yake ikabaki. Ni kweli, na ndiyo inayonipa nguvu. Menelik alikuwa na makumi ya maelfu ya bunduki za kisasa alizozipata kwa kuwachezesha Wafaransa, Warusi na Waitaliano wenyewe, kila mmoja akitaka mwenzake asifike. Adwa ilikuwa mavuno ya mshono uliolimwa kwa miaka mingi. Wazulu nao waliwapiga Waingereza Isandlwana tarehe 22 Januari 1879, kwa hasara kubwa kuliko ya Lugalo, na kabla mwaka haujaisha ufalme wao ulikuwa umevunjwa na mfalme wao amefungwa.

Kama mpaka ungepita Ruaha

Historia ya "ingekuwaje" ina faida pale tu inapofuata masharti. Sharti langu ni hili: badilisha jambo moja, na jambo hilo liwe lilikuwa mezani kwa watu wa wakati ule. Kumpa Mkwawa mizinga hewani ni ndoto. Lakini mpaka wa kusini-magharibi ulikuwa mezani. Wamisionari wa Kiskoti wa Ziwa Nyasa na Kampuni ya Maziwa ya Afrika pale Karonga walikuwa wakiishinikiza serikali ya Lord Salisbury isiwaachie Wajerumani nchi iliyo kati ya maziwa mawili, ambako walikuwa wameanza kuchonga barabara ya Stevenson. Salisbury aliwasikia kiasi cha kuiweka barabara hiyo upande wake. Tuseme basi angewasikia zaidi, akasogeza mstari kilomita mia moja hivi kaskazini, na kama ilivyokuwa desturi ya wachoraji mipaka, akatafuta mto mkubwa wa kuufuata. Mto huo ungekuwa Ruaha Mkuu.

Tazama kinachotokea. Rungwe, Usafwa na sehemu kubwa ya Usangu zinaangukia upande wa Waingereza. Kalenga inabaki upande wa Wajerumani, lakini sasa iko mpakani, safari ya siku chache tu kutoka bendera nyingine. Merere wa Usangu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa akitafuta mtu wa kumrudisha nchini kwake, anapata mlinzi wa Kiingereza. Mkwawa akibanwa na Schele anaweza kuvuka mto, au kutishia kuvuka, au kutuma meno ya tembo na mjumbe Karonga. Wajerumani, wakijua hivyo, wana sababu ya kumpa mkataba badala ya kumpa mzinga, kwa kuwa mtawala aliyeridhika mpakani ni bora kuliko aliyekimbilia kwa jirani. Kule Bechuanaland ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1895 Khama, Sebele na Bathoen walisafiri mpaka London kupinga nchi zao zisikabidhiwe kampuni ya Cecil Rhodes, na walisikilizwa kwa sababu ardhi yao ilikuwa katikati ya Makaburu, Wajerumani wa Afrika Kusini-Magharibi na Rhodes mwenyewe. Botswana ya leo imetokana na safari ile.

Sidai kwamba ingetokea hivyo. Nadai kwamba njia hiyo ilikuwepo, na ilifungwa mezani Ulaya na watu ambao hawakuwahi kuiona Kalenga, mwaka mmoja kabla ya mkuki wa kwanza kurushwa Lugalo.

Hata hivyo, kupita mlango wa kwanza kusingetosha. Mlango wa pili ulikuja wakoloni walipokuwa wakifungasha, na huo haukuwa na mikuki wala mizinga. Swali lake lilikuwa: je, nchi yako ina faili lake peke yake, bajeti yake na mwakilishi wake, au ni kurasa ndani ya faili la mwingine? Lewanika wa Barotseland alipata mkataba wa ulinzi mwaka 1890, akaheshimiwa, akaalikwa Uingereza kwenye kutawazwa kwa mfalme mwaka 1902. Lakini Barotseland iliwekwa ndani ya Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1964 ilipewa makubaliano maalumu na Zambia mpya, na mwaka 1969 yakafutwa. Buganda ilikuwa na mkataba wa mwaka 1900, bunge lake na ardhi yake, lakini faili lake lilikuwa ndani ya Uganda. Mwaka 1966 jeshi la Obote liliishambulia Mengo, na mwaka uliofuata falme zikafutwa.

Mfano unaoumiza zaidi uko ndani ya nchi yetu wenyewe. Wajerumani walikuwa na maeneo matatu kaskazini-magharibi waliyoyatawala kwa mfumo wa wakaazi, yaani kuwaacha wafalme na kuwasimamia: Rwanda, Burundi na Bukoba. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza na Wabelgiji waligawana. Rwanda na Burundi zikaenda kwa Wabelgiji, kila moja na mfalme wake na mkaazi wake, na tarehe 1 Julai 1962 zikawa nchi mbili. Bukoba, yenye wafalme wa Karagwe, Kiziba, Ihangiro na wenzao, ikaangukia Tanganyika, na leo ni mkoa wa Kagera. Mtu aniambie ni ushujaa gani waliokuwa nao Warundi ambao Wahaya hawakuwa nao.

Uhehe ulipata kurudishiwa kitu kidogo. Gavana Donald Cameron alipoleta utawala wa kupitia machifu mwaka 1926, Sapi, mtoto wa Mkwawa, alitambuliwa kuwa mtawala wa Wahehe. Lakini alikuwa mtawala ndani ya jimbo, na jimbo ndani ya Dar es Salaam. Mjukuu wa Mkwawa, Adam Sapi, alilielewa hilo kuliko wengi wa rika lake. Mwaka 1962 akawa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge letu, na ukiacha miaka miwili hivi katikati ya miaka ya 1970, alikalia kiti hicho mpaka 1994. Mwaka 1963 sheria ilipofuta mamlaka ya machifu, yeye tayari alikuwa anaongoza chombo kinachotunga sheria za nchi nzima. Mlinganishe na Kabaka Mutesa II wa Buganda, aliyefia ukimbizini London mwaka 1969. Nionavyo mimi, kati ya warithi wa dola zilizomezwa Afrika Mashariki, Adam Sapi ndiye aliyesoma ramani vizuri zaidi.

Merere hakuwa msaliti

Kosa linaloniudhi kuliko yote katika mazungumzo haya ni kumwita Merere msaliti kwa kuwa aliungana na Wajerumani. Msaliti wa nani? Mwaka 1891 hapakuwa na Tanganyika ya kusalitiwa. Katikati ya karne ya 19 Wasangu, ambao watu wa misafara waliwaita Warori, ndio waliokuwa wababe wa nyanda hizi, na Wahehe walijifunza mengi ya kijeshi kutoka kwao. Miaka ya 1870 meza ikageuka. Munyigumba aliwasukuma mpaka wakaiacha nchi yao tambarare na kukimbilia milima ya Usafwa. Huko wakajenga ngome wakaiita Utengule, jina la makao yao waliyoyaacha. Ndiyo maana mpaka leo mkoa wa Mbeya una Utengule mbili, moja Usongwe karibu na Mbalizi, nyingine Usangu wilayani Mbarali. Kwa takribani miaka ishirini Merere na watu wake waliishi ukimbizini wakiitazama nchi yao ikiwa mikononi mwa Mhehe. Mjerumani alipokuja akimtafuta adui wa Mkwawa, Merere alifanya hesabu ileile aliyoifanya Moshoeshoe alipomwendea Mwingereza: alitafuta mkubwa wa mbali wa kumwondolea mkubwa wa karibu. Kiwanga wa bonde la Kilombero alifanya hivyohivyo. Kalenga ilipoanguka Wasangu walirudi kwao. Kama Moshoeshoe ni mwanadiplomasia na Merere ni msaliti, basi tunatumia mizani mbili.

Wahehe wenyewe, tusisahau, hawakuingia vita vya Majimaji mwaka 1905; wengi wao walipigana upande wa Wajerumani, wakati Wabena wa Njombe walipanda mpaka misheni ya Yakobi kuishambulia. Kila taifa dogo lilikuwa linapiga hesabu zake. Na dola ya Uhehe kama ingebaki, ingebaki na Wasangu, Wabena na Wagogo wa kusini ndani yake kama watu waliotekwa. Hili wanaotamani nchi ile hulipita haraka. Burundi na Rwanda zimetuonyesha kwa damu gharama ya kurithi dola ya kale pamoja na matabaka yake.

Vipi Wanyakyusa? Wao hawakuwa na dola moja. Walikuwa na tawala ndogo nyingi, na desturi yao ilikuwa kuzigawa tena kila kizazi, vijana wakikabidhiwa nchi na mtawala mpya wakati wazee wao bado hai. Mfumo huo uliwafaa, uliwapunguzia udikteta na kuwapa vijana ardhi, ila haukumpa mgeni mtu mmoja wa kuwekeana naye saini. Mpaka wa Songwe uliwakata na ndugu zao Wangonde wa Malawi bila hata mmoja wao kuulizwa. Katika dunia ile ya mikataba, jamii isiyo na mhuri mmoja haikuonekana kabisa, na hapo sioni mabadiliko yoyote ya mpaka ambayo yangewaokoa.

Kuna kosa jingine, la kudhani kwamba nchi ndogo ingekuwa tajiri kwa kuwa mali yake isingegawanywa na wengine. Nenda Lesotho ukaone. Katika miaka ya 1970 na 1980 zaidi ya wanaume 100,000 wa Kisotho walikuwa wakichimba dhahabu Afrika Kusini kwa sababu nchi yao ilikuwa na bendera bila ajira. Nyanda zetu zilishaonja mwanzo wa hali hiyo: Wabena walikwenda mashamba ya mkonge kama manamba, Wanyakyusa wakachukuliwa na Wenela, wakala wa kuandikisha wachimbaji, kwenda migodi ya Afrika Kusini au wakavuka wenyewe kwenda Copperbelt. Serikali ya uhuru ilisitisha uandikishaji wa Wenela. Waziri wa fedha wa Uhehe huru, au wa Usangu huru, asingethubutu. Mishahara ile ingekuwa ndiyo bajeti yake.

Tazama pia lori la mchele linalotoka Ubaruku kwenda Dar es Salaam. Leo linapita Igawa, Makambako, Mafinga na Ipogolo, linasimama mizani na kwa trafiki, basi. Katika ramani ya dola ndogo lingekuwa na forodha Igawa ya kutoka Usangu, nyingine ya kutoka Ubena kuingia Uhehe, na ya tatu chini ya Kitonga. Reli ya TAZARA ingehitaji saini za serikali ambazo kila moja ingetaka kituo chake. Na maji ndiyo kabisa. Ruaha Mkuu unaokusanya maji ya Usangu ndio unaojaza Mtera na kuzungusha mitambo ya Kidatu. Tangu mwaka 1993 mto huo umekuwa ukikauka miezi ya kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha, na tumegombana vya kutosha tukiwa nchi moja, wakulima wa mpunga, wafugaji, hifadhi na TANESCO. Tungekuwa nchi tatu, ugomvi huo ungeamuliwa na majeshi.

Basi tufanye nini na swali la Iringa? Sitaki lizimwe. Watu wasiojiuliza ingekuwaje huishia kuamini kwamba kilichotokea ndicho pekee kilichowezekana, na hiyo ni imani ya mshindi. Ninachotaka ni lifundishwe vizuri, na somo la Historia ya Tanzania na Maadili limefungua nafasi hiyo kwa kuwa linafundishwa kwa Kiswahili. Lugalo isifundishwe peke yake. Ifundishwe pamoja na Berea ya Moshoeshoe, mwanafunzi alinganishe kilichofanyika usiku wa baada ya ushindi. Ifundishwe na ramani ya mkataba wa 1890, na mwanafunzi apewe penseli auhamishe mpaka, kisha aandike nani amepona na nani ameumia. Shule za Iringa zinazopeleka watoto Kalenga zifanye bidii kuwafikisha na Utengule, na za Mbeya zije Kalenga.

Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizohifadhiwa Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, zimeandikwa kwa Kijerumani, nyingi kwa mwandiko wa mkono ambao hata Wajerumani wa leo wanahangaika nao. Vyuo vyetu vya Iringa na Mbeya vinaweza kuchagua zile zinazohusu wilaya za Kijerumani za Iringa na Langenburg, vikazitafsiri kwa Kiswahili kidogokidogo, faili kwa faili. Simulizi za wazee wa Usangu zikusanywe kwa uzito uleule uliopewa za Uhehe.

Na fuvu la Mkwawa nalo lielezwe darasani kwa ukamilifu. Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, uliomaliza Vita Kuu ya Kwanza, una kifungu cha 246 kinachoiamuru Ujerumani ikabidhi fuvu la Sultani Mkwawa kwa Waingereza. Lilirudi mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kwenda jumba la makumbusho la Bremen, kulinganisha mafuvu yaliyotunzwa pale na vipimo vya vichwa vya ukoo wa Mkwawa, na kuchagua moja lenye tundu la risasi. Alimkabidhi Adam Sapi pale Kalenga tarehe 19 Juni. Mwanafunzi akisoma kifungu hicho aulizwe ni wakati gani, kati ya 1868 ya Moshoeshoe na 1919 ya Versailles, ambapo jina la Kalenga lingeweza kuingia katika mkataba wa kimataifa kama mwenye saini, na ni nani katika Nyanda za Juu Kusini angelipa gharama ya saini hiyo. Aanze kutafuta majibu yake Utengule.